Kuhusu Mikono ya Kushoto ya Darasa la Sita

Shule ya Msingi ya Tangini,
Nairobi.
Jumanne, 9 Julai 1996

Kwa Afisa wa Elimu wa Kanda.

KUH: OMBI LA KUMHAMISHIA NJIRU MSHAURI WA HISABATI

Mheshimiwa Afisa,

Natumaini barua hii imekukuta mezani, na meza nayo imekukuta ofisini. Sisi huku ni wazima. Chaki ipo, na choo cha walimu kimepata mlango.

Mimi ni Javan Mulama, mwalimu wa hisabati wa darasa la sita na mwandishi wa mikutano ya walimu. Kazi hiyo ya pili imenizoeza kuandika yaliyotokea bila kuyatia chumvi, hata pale mkutano wenyewe ulipokuwa chapwa. Ndivyo nitakavyoandika hapa.

Nimesikia kwamba kikao chako cha Ijumaa kitaamua kama Bi. Wanza Matheka, mshauri wetu wa hisabati, atabaki nasi mwaka mwingine au atapelekwa Njiru, ambako shule mpya zinafunguliwa kabla hazijaezekwa. Kazi yake, kama unavyojua, ni kuzunguka shule zetu, kuketi katika vipindi vya walimu na kutusaidia kufundisha vizuri zaidi. Anatujia kila Jumanne. Mimi naomba aende Njiru, na aende upesi.

Ili unielewe, sina budi kukueleza kwanza juu ya mapatano yetu. Shuleni kwetu, mgeni wa ofisi anapotarajiwa, mwalimu huwakumbusha watoto siku moja kabla kwamba likiulizwa swali kila mtu anainua mkono. Anayejua jibu anainua wa kulia. Asiyejua anainua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia. Mgeni anaona msitu wa mikono, anasikia majibu sahihi, anaandika "Darasa lina uchangamfu", kisha anaelekea kwenye chai na mandazi. Mapatano haya niliyakuta hapa, na yamewavusha walimu wakuu watatu. Hayakuwahi kumdhuru mtu yeyote. Wakaguzi waliondoka na furaha, nasi tukabaki na furaha, na asiyejua akabaki asiyejua kwa amani.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Bi. Wanza haketi penye mgeni.

Alipokuja mara ya kwanza tulimwekea kiti mbele, karibu na ubao, chenye kitambaa kilichofumwa na Bi. Khavere wa darasa la pili. Kutoka pale mgeni huona nyuso na mikono tu, naye hana muda wa kupambanua mkono upi ni upi. Bi. Wanza alikisifu kitambaa, akakipita, akaenda kubanana na wasichana wawili kwenye dawati la nyuma. Mama mzima, magoti yakigusa kidevu.

Nilifundisha kujumlisha sehemu. Niliuliza maswali manne na mikono yote ikapaa mara zote nne. Nilichagua wa kulia, nikapata majibu manne yasiyo na kasoro. Nilikuwa tayari nimeanza kufuta ubao aliponiomba ruhusa, kwa adabu kabisa, aulize swali moja tu. Aliuliza. Mikono ikapaa. Akamwelekezea kidole Fowsiya, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi pale Kiamaiko, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinua wa kushoto kwa uaminifu mkubwa.

Fowsiya alinitazama mimi, si Bi. Wanza, kama mtu aliyeuziwa tiketi halali kisha akateremshwa njiani.

"Lakini Madam," akasema, "mimi ni kushoto."

"Kushoto ni nini?" Bi. Wanza akauliza.

Darasa zima likajibu kwa pamoja, kwa sauti moja, wazi, bila kusitasita, jinsi mimi mwenyewe nilivyowafundisha kujibu:

"Haaajui!"

2. Hakunishtaki.

Hili ndilo lililoniumiza zaidi. Mkaguzi wa kawaida angeniandikia ripoti mbaya. Mimi ningekata rufani, chama cha walimu kingeandika barua, faili lingepotea, na jambo lingeisha kwa heshima. Bi. Wanza alikunywa chai yake, akauliza kama mandazi yamewekwa iliki, kisha akaniambia hivi:

"Mwalimu Mulama, hii mbinu yenu ni nzuri ajabu. Mtoto anakiri kwamba hajui, na haoni haya. Walimu wengi wanatafuta kitu kama hiki maisha yao yote. Kwa nini mnaitumia siku ya wageni pekee?"

Nilimtazama usoni nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alinishauri mapatano yaendelee kila siku, ila nigeuze jambo moja tu: nianze na wa kushoto. Mheshimiwa, nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Ninajua namna ya kujikinga na lawama. Dhidi ya sifa sikuwahi kufunzwa.

3. Darasa langu limeharibika.

Zamani nilimaliza kitabu cha darasa la sita Agosti na kurudia kuanzia mwanzo. Sasa ni Julai na hatujavuka sehemu. Nikiuliza swali, mikono ya kushoto inakuja juu kwa fujo, wengine wanasimama kabisa, wananiita, "Ticha, mimi! Ticha, mimi sijui!" kama wanaogombea zawadi. Nikimwendea mmoja na kumwuliza amepotelea wapi, watatu wengine wanagundua kwamba nao walipotelea hapo hapo. Watoto waliokuwa wakipita vizuri bila kuelewa sasa wanasimama kuelewa, na foleni inakuwa ndefu.

Mwezi Mei likaja lile la kugawanya sehemu kwa sehemu. Unajua kanuni: ile ya pili inageuzwa juu chini, kisha unazidisha. Niliandika nusu gawanya kwa robo. Kivuva, ambaye ndiye wa kwanza darasani na hajawahi kuwa wa kushoto, aliinua mikono yote miwili.

Mapatano hayana kifungu cha mikono miwili. Nilimwuliza ana maana gani.

"Jibu ninalo, ticha. Ni mbili. Lakini sijui kwa nini tunaigeuza."

Nilimwambia ni kanuni. Fowsiya akainua wa kushoto. Nilimwambia yeye pia kwamba ni kanuni. Kufikia kengele, watoto hamsini na wanane walikuwa wameketi na mikono miwili juu. Ni wakati huo Bw. Nabiswa, mwalimu mkuu, alipopita dirishani. Mheshimiwa, unaujua mtaa wetu na unaijua miaka hii ya majambazi. Aliona darasa zima limenyamaza, mikono yote hewani, na mimi nimesimama mbele na kipande cheusi mkononi, nacho kilikuwa kifutio. Alilala chini ya dirisha. Alikaa pale hadi Fowsiya alipochungulia akamwuliza, "Mwalimu, wewe pia hujui?"

Bi. Wanza alikuwepo siku hiyo, katika dawati lake la nyuma, na hakuniokoa. Katika ofisi ya walimu, tulipokuwa peke yetu, aliniuliza polepole, "Na wewe, Mwalimu, ungeinua upi?" Nilishika kikombe changu kwa mikono yote miwili. Nadhani alinielewa vibaya.

Jumanne iliyofuata alikuja na mkate, akanikabidhi mimi, akarudi nyuma. Nilikata. Watoto wakaona kwamba mkate mmoja una robo nne, kwa hiyo nusu yake ina robo mbili, na kwamba ile nne iliyokuwa chini ndiyo hiyo inayopanda juu. Walipiga kelele kama wamefunga bao. Kisha waliula ushahidi wote, na Fowsiya, akiwa na makombo mdomoni, akauliza: "Na kama si robo? Kama kila mtu anakula theluthi mbili?"

Swali hilo bado liko kwenye kona ya ubao wangu. Nimeliandikia USIFUTE, na limenipunguzia nafasi ya kuandikia.

4. Ugonjwa umetoka nje ya ua wa shule.

Wiki mbili baadaye baba yake Fowsiya alinijia. Alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, na harufu ya mbuzi ilimtangulia. Alikaa, akakataa chai, akasema:

"Mwalimu, nyumbani kwetu mkono huu una kazi yake, na kazi hiyo haifanywi mbele ya wageni. Binti yangu ameuinua mbele ya wanunuzi wangu. Akaniinulia mimi."

Nilimpa pole, nikamweleza maana yake. Alifikiri. Nilimwuliza alikuwa akimwambia nini mtoto wakati huo. Akasema alikuwa akimweleza kwa nini familia inahamia Njiru muhula huu huu badala ya kungoja watoto wafunge mwaka. Alimweleza, mtoto akainua mkono. Akamweleza tena, mkono ukabaki juu.

"Mara ya tatu," akasema, "nikajisikiliza mwenyewe. Nikaona hata mimi ningeuinua."

Hawajahama. Mizigo ilikuwa imefungwa ikafunguliwa, na kijana wa mkokoteni akaondoka na mkokoteni mtupu akinung'unika. Naomba uone hapa jinsi hesabu ya sehemu inavyovuruga mipango ya watu wazima walio timamu.

5. Kanisa nalo.

Juni, mhubiri wetu alieleza lile fumbo la kusamehe saba mara sabini. Ni mahubiri anayoyatoa kila mwaka na hatukuwahi kuwa na shida nayo. Mwishoni akauliza, kama kawaida, "Mmeelewa, wapendwa?" Zamani tulijibu amina. Safari hii benchi la watoto liliinua mikono ya kushoto. Akatabasamu. Kisha mama mmoja wa kwaya akainua wake. Halafu kwaya ya sauti ya tatu, yote.

Alirudia kutoka mwanzo. Ibada ilikwisha saa nane. Bi. Khavere, ambaye alikuwa ameacha maharagwe motoni, alisikika mlangoni akisema, "Mungu husamehe saba mara sabini, maharagwe hayasamehi hata mara moja." Ni kweli pia kwamba Jumapili hiyo hiyo yeye na jirani yake, waliokuwa hawasalimiani tangu Krismasi kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, walishikana mikono. Naandika hilo kwa ajili ya ukamilifu, si kwa kulisifu.

6. Hatimaye, serikali yenyewe.

Mtaa wetu unaitwa Tangini kwa sababu tangi la maji la upande huu wote liko kwetu. Maji ndiyo hayakuwa kwetu. Mara moja kila mwaka diwani huja kutueleza sababu. Hueleza vizuri sana, kwa ishara za mikono, kisha huuliza, "Mmenielewa?" nasi husema ndiyo, kina mama huimba, naye huenda zake hadi mwaka ujao.

Jumamosi ya mwisho ya Juni alikuja. Alieleza habari za mgandamizo, mabomba ya zamani na tabia za vali. Akauliza kama tumemwelewa. Uwanja mzima ukainua mikono ya kushoto: watoto kwanza, kisha mama zao, kisha wachongaji wa vinyago wa kule nyuma wakiwa bado na patasi mkononi, na hata Muindi, mwenye bucha pale Soko la Burma, ambaye anajulikana kwa kukubaliana na kila kiongozi. Hakuna aliyepiga kelele.

Diwani aligeuka rangi. Nchi hii tumezoea kidole kimoja cha chama tawala, na tangu majuzi tumezoea vidole viwili vya wapinzani. Mkono mzima, tena wa kushoto, hakuujua. Alimwinamia msaidizi wake, na kipaza sauti kikatusikizisha: "Hii ni ya chama gani?"

Kijana mmoja akamwitikia, "Si chama, Mheshimiwa! Hapo kwa vali umetuacha mataa! Rudia!"

Alirudia. Mikono ikabaki. Alirudia tena, kwa ufupi zaidi, na safari hiyo akasikika akisema kwamba vali imefungwa na kwamba hamkumbuki aliyeifunga. Kina mama hawakuimba. Juma lililofuata alikuja fundi. Sasa tuna maji Jumatano na Jumamosi, na wauza maji wa mikokoteni, watu wenye familia, wanatembea mtaani na mitungi mitupu. Nani atawajibu hao? Nani atamjibu diwani, aliyekuwa na hotuba nzuri na sasa hana pa kuitolea?

Mheshimiwa, mlolongo ni huu na hauna mwanya. Mwanamke mmoja aliketi kwenye dawati la nyuma, na sasa hakuna mtu katika mtaa huu anayeweza kumaliza sentensi bila kuulizwa kwa nini. Kesho watoto hawa watakuwa madereva, makarani na mafundi. Karani mmoja akiinua mkono wa kushoto mbele ya mkubwa wake, kazi za ofisi zitakwendaje? Na wakubwa wakianza kuinua miwili?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

(a) Bi. Wanza ahamishiwe Njiru kuanzia Jumatatu. Kule shule ni changa, walimu hawajafanya mapatano, na hatakuta cha kuvunja.

(b) Hilo likishindikana, aamriwe kuketi kwenye kiti chenye kitambaa.

(c) Nalo likishindikana, wizara ielekeze kwamba mkono wa kushoto wa mwanafunzi ukae chini ya dawati wakati wote wa masomo, isipokuwa somo la kuimba.

Nafunga hapa nikikushukuru kwa subira. Nisalimie walio nawe ofisini: karani wako anayejua faili zilipo, dereva wa ile Landrover isiyotembea, na mama wa chai, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu na alipita vizuri. Kivuva, Fowsiya na darasa zima wanakusalimu. Bw. Nabiswa amenituma nikwambie kwamba siku ile alikuwa anafunga kamba za kiatu.

Ni mimi, mtumishi wako katika hesabu na visivyo hesabu,

Javan Mulama,
Mwandishi wa Mikutano ya Walimu.

Tanbihi, Jumatano, wakati wa mapumziko. Barua ya namna hii haina uzito bila walimu wenzangu, kwa hiyo nimeisoma mbele yao asubuhi ya leo, neno kwa neno. Bw. Nabiswa aliuliza wanaoiunga mkono. Mikono yote ikapaa, nami kama mwandishi nikaandika "kwa kauli moja". Ndipo Bw. Nabiswa, ambaye tangu siku ile ya dirisha anatazama mambo kwa makini zaidi, akasema, "Mwandishi, hebu hesabu tena. Kwa upande."

Ilikuwa ya kushoto. Yote, pamoja na wake. Bi. Khavere alisema ameelewa malalamiko yote sita, ila hajaelewa kosa ni lipi, na akaniomba nirudie. Nilirudia. Mikono ikabaki. Wangu pia ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kalamu, na hiyo ndiyo sababu niliyoiandika katika kumbukumbu.

Ningeandika barua nyingine, lakini karatasi ya shule imekwisha hadi muhula ujao. Basi naomba kikao cha Ijumaa kisome kuanzia hapa. Zile theluthi mbili bado ziko ubaoni. Nimejaribu nyumbani, na mke wangu Millicent ameuliza ni kwa nini juma zima mkate unafika mezani umekatwa vipande vitatu. Nimekaribia sana. Naona ile tatu inavyopanda. Ile mbili ndiyo sijui inashukaje, na Fowsiya anangoja, na familia yake imengoja naye. Namhitaji Bi. Wanza Jumanne ijayo, kwenye dawati lake la nyuma, na Jumanne nyingine baada ya hiyo, kwa maana tukitoka kwenye sehemu kuna desimali. Ikiwa ni lazima mtu aende Njiru, nitumeni mimi. Ila mningoje nimalize kugawanya.

Na kama baada ya kurasa hizi zote bado hujaelewa ninachoomba, Mheshimiwa, hakuna haya yoyote. Unajua sasa mkono wa kuinua.